Tuketi Kwanza, Tuhesabu Gharama

Dominika ya 23 ya Mwaka C
Masomo: Hek 9:13-18, Zab 90, Flm 9-10, 12-17, Lk 14:25-33



Popote mlipo asubuhi hii, mjini Singida kando ya maziwa ya Singidani na Kindai, au kule Kiomboi, Ikungi, Nduguti, Manyoni na Itigi. Ninyi mnaojiandaa kwenda kanisani, na ninyi mliobaki nyumbani kwa sababu ya kuuguza mgonjwa au kwa sababu ya uzee, tunawasalimu nyote katika Bwana. Leo tunaomba ruhusa ya kuanza na jambo la nyumbani kabisa, jambo ambalo pengine hamkutarajia kulisikia katika mahubiri. Tunataka kusema juu ya dishi la televisheni.

Mwezi huu wa Septemba kwetu ni mwezi wa pekee. Alizeti imekwisha kuvunwa na kwa sehemu kubwa imekwisha kuuzwa. Vitunguu vimepelekwa sokoni. Mvua bado ziko mbali, upepo unavuma juu ya mawe yetu makubwa, na mifukoni mwa watu mna fedha kidogo. Ndio wakati wa kuezeka bati, wa kulipa mahari, wa kununua pikipiki. Ndio pia wakati ambao mafundi wa madishi hawapati usingizi, maana kila siku wanaitwa kijiji hiki na kijiji kile.

Wazee wetu wanakumbuka kwamba hali haikuwa hivi. Ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini sisi wa Tanzania Bara tulisubiri hadi mwaka 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo yao. Hata hapo, picha zile zilikuwa za wakazi wa Dar es Salaam kuliko za mkulima wa Iramba. Sisi tulikuwa na redio na betri zake, tulizozianika juani ili zipate nguvu kidogo. Kisha, tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya zamani ya analojia ilizimwa jijini Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata kwa awamu. Neno king'amuzi likaingia katika kila nyumba yenye televisheni. Na kwa kuwa minara ya ardhini haifiki kila bonde, mtu anayeishi nyuma ya vilima hana budi kutazama juu. Leo tunaona madishi juu ya mapaa ya bati, na mengine yamesimikwa juu ya nguzo ubavuni mwa tembe, ambamo bibi bado anapikia kuni.

Basi, wapendwa, yapo mazoea yaliyoingia kati yetu, ya kuhama kutoka kampuni moja kwenda nyingine. Mmoja anahama kwa sababu ligi anayoipenda sasa inaonyeshwa na kampuni nyingine. Mwingine anahama kwa sababu kifurushi cha mwezi kimepanda bei. Wapo waliohama mwaka 2018, pale ambapo, kwa agizo la Mamlaka ya Mawasiliano, chaneli za nyumbani zinazotazamwa bila malipo ziliondolewa katika baadhi ya ving'amuzi vya kulipia kwa sababu ya masharti ya leseni. Kuhama si dhambi. Mtu anaweza kubadili kampuni ya televisheni kama anavyobadili duka la kununulia sukari. Lakini namna tunavyohama, na fedha tunazohamia nazo, yaweza kuwa habari ya wokovu wetu.

Katika Injili ya leo, umati mkubwa unamfuata Yesu njiani. Mwingine angefurahi kuona watu wengi hivyo. Yesu anageuka na kuwaambia maneno mazito. Anawaambia kwamba asiyempenda yeye kuliko baba na mama, kuliko mke na watoto, hata kuliko uhai wake mwenyewe, hawezi kuwa mwanafunzi wake. Kisha anawapa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu huyo, kama ana akili, ataketi kwanza na kuhesabu gharama, aone kama anacho cha kumalizia. Asipofanya hivyo ataweka msingi na kushindwa kuendelea, na wapita njia watamcheka. Tena anawapa mfano wa mfalme mwenye askari elfu kumi, anayepaswa kufikiri kabla ya kukutana na mwenye askari elfu ishirini.

Tuone neno hilo: kuketi kwanza. Bwana hakusema tukimbie kwanza, wala tununue kwanza. Watu wa Singida wanalifahamu jambo hili vizuri. Hakuna mama wa kijijini anayefungua ghala la mtama mwezi Juni na kupika bila kuhesabu. Huketi, hutazama magunia, huhesabu vinywa vilivyomo nyumbani, na kuhesabu miezi iliyobaki hadi mavuno mengine, akijua kwamba mvua yetu ni ya msimu mmoja tu na pengine haitoshi. Hekima hiyo tunayo. Swali ni kwa nini tunaiacha mlangoni mara tunapoona kitu kinachong'aa.

Hapa, wapendwa, hatutasema juu ya kosa la jirani. Tutasema juu ya kosa letu wenyewe.

Katika nyumba ya mapadre ya parokia moja tuliyoihudumia, tulikuwa na dishi na king'amuzi cha kampuni fulani. Hatutaitaja kampuni hiyo wala ile tuliyohamia, maana mimbari si duka. Msimu mmoja wa mpira ulipokaribia, tulisikia kwamba kampuni nyingine inauza ving'amuzi vyake kwa bei iliyopunguzwa. Mmoja wetu alikwenda mjini siku ya Jumatatu na kurudi na kimoja. Tulifurahi sana. Tuliambiana: dishi tunalo, waya tunao, nguzo ipo, tunachohitaji ni fundi wa nusu saa tu.

Fundi alikuja Jumatano kwa pikipiki. Hakugusa kitu. Alisimama uani, akatazama dishi letu, kisha akatazama upande wa magharibi, akatikisa kichwa. Tulimwuliza shida ni nini. Akatueleza kwa upole, kama katekista anayewafundisha watoto, kwamba setilaiti zote za namna hii ziko juu ya mstari wa ikweta, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini, zikizunguka sambamba na dunia, hata kwetu huonekana kana kwamba zimesimama mahali pamoja. Lakini kila moja ina mahali pake. Ile tuliyokuwa tukiitumia ilikuwa kwenye nyuzi 36 mashariki, yaani karibu kabisa na utosi wetu sisi wa Singida. Ndiyo maana dishi letu lilikuwa limelala chali kama bakuli la kukinga mvua. Ile mpya ilikuwa kwenye nyuzi 7 mashariki, mbali juu ya bahari ya Atlantiki, karibu na kisiwa cha São Tomé. Ili kuipata, dishi lilipaswa kuinuliwa na kugeuzwa lielekee magharibi. Na upande wa magharibi wa nyumba yetu, matawi yakiwa yameinama juu ya paa, palikuwa na mwembe mkubwa.

Mwembe ule hatukuweza kuukata. Chini ya kivuli chake watoto hupata mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Basi ikabidi dishi lihamishiwe mwisho mwingine wa nyumba. Kule hapakuwa na nguzo, kwa hiyo ilitakiwa nguzo mpya, na saruji ya kuisimika, maana upepo wa Singida hauchezewi. Dishi likitikisika kidogo tu, picha inapotea. Waya wa zamani haukufika. Boliti zilikuwa zimeshikwa na kutu, na kichwa cha dishi, kile kinachopokea mawimbi, kilikuwa kimeingiwa na maji. Kile king'amuzi cha zamani nacho hakikuweza kufungua matangazo ya kampuni mpya, kwa hiyo kilibaki kuwa sanduku tupu. Kila jambo lilikuwa na bei yake, na nauli ya fundi juu yake. Kile tulichokiita bei iliyopunguzwa kilikuwa kama mlango tu. Nyumba yenyewe tulikuwa hatujaiona.

Kabatini palikuwa na bahasha. Ndani yake mlikuwa na fedha ambazo waamini wa kigango kimoja walizichanga, mmoja debe la mtama, mwingine kuku, mwingine fedha kidogo, kwa ajili ya kumnunulia katekista wao baiskeli, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imekufa kabisa. Tulisema: tutazirudisha mwisho wa mwezi. Tulisema hivyo kwa nia njema. Lakini mwisho wa mwezi ulipofika, kifurushi nacho kilidai haki yake. Mwezi wa pili vilevile. Kwa macho yetu hatukuwa tumeiba. Tulikuwa tumekopa kwa watu ambao hawakujua kwamba wametukopesha.

Miezi ile, katekista yule alitembea kwa miguu. Asubuhi moja alfajiri alijulishwa kwamba bibi mmoja, Mkristo wa siku nyingi, amezidiwa na anaomba Mpako wa Wagonjwa na Ekaristi. Katika bonde lile simu hazishiki mtandao. Ni lazima mtu apande hadi juu ya mwinuko ndipo apige. Kwa baiskeli angefika mapema asubuhi. Kwa miguu, na pamoja na kwenda kwanza kumwona mgonjwa na kusali naye, alifika mchana. Sisi tulipopata habari na kuondoka, njia ilikuwa ndefu na ya mchanga. Tulifika jua likizama. Tuliwakuta akina mama wamekaa nje ya mlango, khanga zimefunika vichwa vyao. Bibi alikuwa amekwisha kwenda.

Tunaamini kwamba Mungu alimpokea. Huruma ya Mungu haifungwi na baiskeli mbovu, wala na uzembe wa mapadre wake. Bibi yule alimtamani Bwana, na Bwana anaijua tamaa ya moyo. Lakini alikuwa ameomba tangu alfajiri, na watoto wake wanasema kwamba kila aliposikia hatua za mtu uani aliuliza kama ni padre. Katekista hakutulaumu hata kidogo, wala hakujua habari za bahasha. Alisema tu, "Baba Padre, nilitembea haraka kadiri ya uwezo wangu."

Usiku ule tulirudi nyumbani. Televisheni ilikuwa imeachwa ikiwaka, na picha yake ilikuwa safi sana. Tuliizima. Hakuna aliyesema neno.

Dominika iliyofuata tulisimama mbele ya waamini wa kigango kile na kuwaeleza ukweli. Haikuwa rahisi. Mzee mmoja aliinuka na kusema kwamba afadhali padre anayeungama kuliko padre anayejua kuhubiri. Hatukulipia kifurushi miezi mingi baada ya hapo. Tulichukua rimoti tukaiweka kabatini, ndani ya bahasha ileile, hadi baiskeli iliponunuliwa.

Ndugu wapendwa, tumewasimulia haya kwa sababu tangu siku ile hatuwezi kusoma Injili ya leo bila kumkumbuka fundi yule, mwembe ule na bahasha ile. Tumejifunza mambo matatu, nasi tunayaweka mbele yenu.

Jambo la kwanza: gharama ya kitu si ile iliyoandikwa juu ya kasha lake. Sisi tulihesabu bei ya king'amuzi. Hatukuhesabu nguzo, waya, saruji, fundi, wala kila mwezi unaokuja. Na zaidi ya yote, hatukumhesabu mtu atakayelipa kwa niaba yetu. Katika nyumba nyingi, deni la starehe halilipwi na aliyelifanya. Hulipwa na mtoto anayerudishwa kutoka shuleni kwa sababu ya mchango. Hulipwa na mama anayepunguza mboga. Hulipwa na mgonjwa ambaye dawa yake inasubiri. Ndiyo maana Bwana anatuagiza kuketi. Anayeketi hupata nafasi ya kutazama pande zote, na huweza kumwona yule aliye mbali, anayetembea kwa miguu.

Hapa linatufaa somo la pili pia. Mtume Paulo anamwandikia Filemoni juu ya Onesimo, mtumwa wake, akimwomba ampokee, wala si kama mtumwa tena, bali kama ndugu mpendwa. Tuingie katika nyumba zetu jioni, televisheni inapowashwa. Wenye nyumba wamekaa katika viti. Je, yule binti wa kazi yuko wapi? Amesimama mlangoni, mkono mmoja ukiwa kwenye sufuria, akichungulia kwa jicho moja. Na watoto wa jirani wako dirishani. Kama tumeweza kuileta dunia nzima sebuleni, hatukosi kigoda kimoja cha kumkaribisha aliye chini ya paa letu. Hilo halimo katika gharama za fundi, lakini limo katika gharama za kumfuata Kristo.

Jambo la pili: kuhama ni kugeuka. Tulidhani kwamba tungebadili sanduku la ndani na kuacha dishi la nje lilivyokuwa. Haikuwezekana. Dishi moja la nyumbani haliwezi kutazama utosini na kutazama magharibi kwa wakati mmoja. Linamtazama huyu au yule. Bwana wetu alikwisha kutufundisha mahali pengine kwamba hakuna awezaye kuwatumikia mabwana wawili. Wengi wetu tulipobatizwa tulipokea kadi mpya na jina jipya, lakini dishi la moyo tukaliacha pale lilipokuwa, likitazama mali, likitazama cheo, likitazama mganga wa kienyeji wakati wa shida. Kisha tunashangaa kwamba hatuoni picha. Tunasali na hatusikii kitu. Tunalaumu Kanisa, tunalaumu padre, tunalaumu kwaya. Ndugu, dishi limegeuzwa?

Na kugeuza huko kuna mambo yake. Fundi alitufundisha kwamba king'amuzi kina mistari miwili ya kupimia. Mmoja unaonyesha nguvu ya mawimbi, na mwingine unaonyesha ubora wake. Tulipomwona anageuzageuza dishi, tulipiga kelele kutoka ndani, "Fundi, nguvu imepanda sana!" Naye akajibu kutoka nje, "Ubora je?" Ubora ulikuwa sifuri. Akatueleza kwamba nguvu yaweza kuwa kubwa na dishi likawa limeelekea mahali pasipo penyewe. Mpaka ubora upande, hakuna picha. Tumeukumbuka mara nyingi mfano huu tunapotazama maisha yetu ya parokia. Sare za vikundi zinapendeza, ngoma zinavuma, vipaza sauti vina nguvu, sherehe zinajaza uwanja. Nguvu ipo. Ubora je? Yupo mgonjwa asiyetembelewa? Wapo ndugu wasiosalimiana, na wote wawili ni viongozi wa jumuiya? Ipo bahasha kabatini iliyohamishwa matumizi?

Tena fundi hakugeuza dishi kwa nguvu. Aliligeuza kwa kiasi cha unene wa ukucha, akasubiri, akauliza. Akaligeuza tena, akasubiri, akauliza. Aliposikia ubora umepanda, alikaza boliti zote, moja baada ya nyingine, ili upepo usiliondoe. Toba yetu nayo iko hivyo. Wengi hugeuka kwa kishindo siku ya semina, na baada ya wiki moja upepo umewarudisha walikokuwa, kwa sababu boliti hazikukazwa. Boliti zenyewe mnazijua: sala ya kila siku, Kitubio, Misa ya Dominika, Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, na kazi ya huruma inayofanyika bila kutangazwa.

Jambo la tatu: siku zetu zinahesabika. Katika zaburi ya leo tunamwomba Mungu atufundishe kuzihesabu siku zetu ili tupate moyo wa hekima. Mwenye king'amuzi anaelewa habari ya siku kuliko mtu mwingine. Ukilipia kifurushi cha mwezi, siku zinaanza kupungua saa ileile. Ukiwa shambani zinapungua. Umeme ukikatika zinapungua. Ukiwa msibani zinapungua. Siku ya mwisho ikifika, picha inakatika hata kama hukutazama kitu chochote. Uhai wetu nao umetolewa hivyo, ila huu hatukuulipia, tumepewa bure. Nao unapungua, tuutumie au tusiutumie. Bibi yule wa kigangoni alikuwa amehesabu siku zake vema, akajua ni lini atume mtu kumwita padre. Sisi tuliosoma vitabu vingi ndio ambao hatukujua kuhesabu.

Kitabu cha Hekima kinatukumbusha katika somo la kwanza kwamba akili ya mwanadamu ni dhaifu. Kwa shida tu tunayafahamu mambo ya duniani, yaliyo mikononi mwetu, basi nani atayachunguza ya mbinguni pasipo Mungu kumpa Roho wake? Angalieni, wapendwa. Mwanadamu amekwisha kuweka vyombo vyake huko juu, kilomita 36,000, navyo havikosei njia. Lakini mwanadamu huyohuyo anashindwa kuilinda bahasha moja iliyo ndani ya kabati lake. Hatukukosa ufundi. Tulikosa hekima, nayo huombwa kwa magoti.

Asitokee mtu akasema kwamba padre ameilaani televisheni. Sivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya vyombo vya upashanaji habari, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, ulivihesabu vyombo hivi kuwa ni zawadi inayoweza kuwafaa watu sana ikitumiwa vema. Tena Kanisa limempa mtakatifu televisheni iwe chini ya ulinzi wake, naye ni Mtakatifu Klara wa Asizi, aliyefariki mwaka 1253. Yasimuliwa kwamba usiku mmoja wa Noeli alikuwa mgonjwa kitandani, asiweze kwenda kanisani na masista wenzake, na Mungu akamjalia kuiona na kuisikia ibada iliyokuwa ikifanyika mbali naye. Kwa sababu hiyo Papa Pius wa Kumi na Mbili, katika miaka ya 1950, alimtangaza kuwa msimamizi wa televisheni. Tutafakari jambo hili: msimamizi wa televisheni ni mwanamke maskini, asiye na mali yoyote, mgonjwa kitandani, mwenye hamu ya kushiriki Misa. Hakuna aliye mbali naye kuliko tulivyokuwa sisi jioni ile. Na hakuna aliye karibu naye kuliko bibi yule aliyekuwa akisikiliza hatua za mtu uani.

Basi kwa ninyi mnaofikiri kubadili kampuni msimu huu, au kufunga dishi kwa mara ya kwanza, tunawaomba mambo machache, ya kawaida kabisa.

Kwanza, ketini pamoja, baba na mama, na watoto wakubwa wawepo. Baba asitoke peke yake kwenda mjini na kurudi na kasha. Andikeni katika karatasi gharama zote, za siku ya kwanza na za kila mwezi kwa mwaka mzima. Na kabla ya kuandika hizo, andikeni ada na michango ya shule, chakula hadi mavuno, matibabu, na zaka. Kitakachobaki kitawaambia wenyewe.

Pili, mwiteni fundi atazame kabla ya kununua, wala si baada. Aseme dishi litaelekea wapi, kuna mti gani au ukuta gani mbele yake, waya wa urefu gani unatakiwa. Mlipeni haki yake siku hiyohiyo, maana mfanyakazi anastahili ujira wake.

Tatu, mkipanga mahali pa kuweka televisheni, pangeni pia mahali pa sala. Nyumba nyingi zina pembe nzuri kwa televisheni, na Msalaba umening'inizwa nyuma ya mlango. Saa ya sala ya jioni na siku ya jumuiya zipangwe kwanza, kisha tamthilia na mpira vitafute nafasi yake.

Nne, fedha iliyotolewa kwa jambo fulani itumike kwa jambo hilo. Tunasema hili kwa viongozi wa vigango, kwa watunza hazina wa vikundi, na kwanza kabisa kwa sisi mapadre. Bahasha ya maskini isifunguliwe kwa mkono mwingine hata kwa siku moja.

Nanyi makatekista mnaotusikiliza, ninyi mnaopita katika mchanga na mawe ya mkoa huu kwa miguu na kwa baiskeli, pokeeni shukrani zetu, na msamaha tunauomba. Mmehesabu gharama ya kumfuata Kristo kuliko sisi tunaowatuma, na mmeilipa kwa nyayo zenu.

Tuombe. Ee Mungu, uliyeziweka nyota mahali pake na kutujalia akili ya kutengeneza vyombo vya kusemezana, utugeuze mioyo yetu ikuelekee wewe peke yako. Utufundishe kuketi kabla ya kuinuka, kuhesabu kabla ya kutumia, na kumkumbuka aliye mbali kabla ya kujifurahisha. Uwapokee katika nuru yako wote waliotungoja nasi tukachelewa. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.